Utafutaji wa Matini Nzima katika Kanzidata za Nyaraka: Historia Yake na Tatizo la Viambishi vya Kiswahili

Afisa mmoja wa serikali aliiandikia ofisi ninamofanyia kazi akitaka kujua kama tumewahi kutoa uamuzi juu ya matumizi ya neno mdhamini. Katika rasimu aliyokuwa akiitafsiri, neno hilo lilikuwa limetumika kwa watu watatu walio mbali mbali kabisa: anayesimama mahakamani kumwekea mwenzake dhamana, anayeshika mali ya jumuiya kwa amana, na anayegharimia mashindano ya mpira. Nilifungua kanzidata yetu ya barua na miongozo, nikaandika mdhamini mahali pa kuulizia, na mashine ikanijibu kwamba kuna barua mbili tu. Hakuna hata moja kati yake iliyokuwa na uamuzi. Basi tulikaa, tukaamua upya, tukamjibu.

Baada ya wiki kadhaa mzee mmoja mstaafu, aliyepitia ofisini kutusalimu, alitukumbusha kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa miaka mingi nyuma, na kwamba uamuzi wa wakati ule ulikuwa kinyume cha huu wetu. Tulipoutafuta kwa mkono tuliukuta ndani ya kanzidata ile ile. Waraka wenyewe ulikuwa umeandika wadhamini, udhamini, na aliyedhaminiwa. Mdhamini, kwa umoja wake, halikuwamo hata mara moja.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niisome historia ya jambo hili, na madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali yale niliyoyaona. Wengi wetu sasa tunazo kanzidata za nyaraka maofisini, na wengi tunaamini kwamba neno lisipopatikana humo basi halimo. Imani hiyo ina asili yake, na inafaa tujue ilitoka wapi.

Kwanza nieleze istilahi ninazotumia, maana bado hazijatulia. Waraka, katika makala haya, ni andiko lolote linalohifadhiwa kama kitu kimoja: barua, muswada, ripoti, au kumbukumbu za mkutano. Kanzidata ya nyaraka ni hifadhi ambayo kila waraka umewekwa humo mzima mzima, pamoja na maelezo yake kama vile tarehe na mwandishi, bila kulazimishwa kuingia katika safu na mistari ya majedwali. Kwa tendo lenyewe la kutafuta, baadhi ya wafasiri hupendelea upekuzi. Mimi sipendi neno hilo hapa, kwa sababu lina harufu ya askari anayepekua mifuko ya mtu. Utafutaji halina dhambi hiyo. Tena nasema matini nzima wala si matini kamili, kwa kuwa ukamilifu ni sifa ya andiko lisilopungukiwa na kitu, ilhali tunachokusudia ni kwamba mashine inalitazama kila neno lililo ndani ya andiko, si kichwa cha habari peke yake.

Neno ambalo halina ugomvi ni faharasa, ambalo wengine huliandika fahirisi. Waarabu walilipata kwa Waajemi. Katika mwaka 377 wa Hijra, yaani 987 au 988 wa Miladi, Ibn al-Nadim wa Baghdad alilitumia kuwa jina la kitabu chake maarufu, Kitab al-Fihrist, alichoorodhesha humo vitabu vya Kiarabu alivyovifahamu. Ibn al-Nadim alikuwa warraki, yaani mtu wa kunakili na kuuza vitabu. Na jina la kazi hiyo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jani au karatasi, ambalo ndilo hilo hilo lililotupa sisi waraka. Nitalirudia neno hili hapo mbele, maana lina kisa chake.

Faharasa ya vitabu ni jambo moja. Faharasa ya kila neno lililo ndani ya kitabu ni jambo jingine, tena gumu zaidi. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominikani wa nyumba ya Saint-Jacques mjini Paris, chini ya uongozi wa Hugh wa Saint-Cher, waliandaa faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Mapokeo yanasema walioifanya kazi hiyo walifika 500. Kila neno liliandikwa, kisha mahali pote linapotokea. Wakati huo Biblia ilikwisha kugawanywa katika sura, lakini aya zilikuwa bado hazijapewa namba. Kwa hiyo watawa hao waliigawa kila sura katika sehemu saba na kuziita kwa herufi kuanzia a hadi g, ili msomaji ajue kama neno limo mwanzoni, katikati au mwishoni mwa sura. Toleo lao la kwanza halikuonyesha maneno yanayolizunguka neno linalotafutwa, bali lilionyesha mahali tu. Wenzao kutoka Uingereza ndio walioongeza vifungu baadaye.

Naomba msomaji aikumbuke kazi hiyo, kwa sababu kompyuta za leo hazikuongeza chochote katika asili yake. Kitabu cha kawaida kinakwenda kutoka mahali hadi neno: fungua ukurasa huu, utasoma maneno haya. Watawa wa Paris walikipindua. Walianza na neno, wakafika mahali. Ndiyo maana wataalamu wa kompyuta huiita orodha ya namna hiyo faharasa iliyopinduliwa, na kila chombo cha kutafuta matini nzima kilichopo duniani kina orodha kama hiyo tumboni mwake.

Waislamu nao walikuwa na haja kama hiyo kwa Kurani, lakini lugha yao iliwadai njia nyingine. Kiarabu hujenga maneno kwa kuizungushia mizizi irabu na viambishi. Mtu akiyapanga maneno kwa herufi ya kwanza anayoiona, atakuwa ametawanya jamaa wa ukoo mmoja huku na huko. Kwa hiyo Muhammad Fuad Abd al-Baqi, katika faharasa yake ya maneno ya Kurani iliyochapwa Cairo mwaka 1945 na ambayo inatumika mpaka leo, aliyapanga maneno chini ya mizizi yake. Anayetafuta hana budi kuujua mzizi kwanza. Hapa tunaona mapema kabisa kwamba hakuna faharasa isiyokuwa na nadharia ya sarufi nyuma yake, hata kama mwenyewe hakuisema.

Aliyeipeleka kazi hii kwenye mashine ni padri wa Kijesuiti kutoka Italia, Roberto Busa. Katika kuandaa tasnifu yake juu ya Thomas Aquinas, alijikuta akihitaji kufuatilia kihusishi kimoja kidogo cha Kilatini chenye maana ya 'katika', na akaandika kadi 10,000 kwa mkono. Mwaka 1949 alikwenda Marekani na kumwona Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, kuomba msaada wa mashine za kadi zenye matundu. Faharasa yake, Index Thomisticus, ilichapwa kati ya 1974 na 1980 katika majuzuu 56, ikiwa imeshughulikia maneno yapatayo milioni 11. Mashine zilipanga na kuhesabu, lakini kazi ya kuamua kwamba umbo hili na lile ni ya kidahizo kimoja ilifanywa na watu.

Hata hivyo, kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa istilahi kilitokea katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Bunge la jimbo hilo lilitaka kubadilisha istilahi. Sheria zake zilikuwa zikiwataja watoto fulani kwa maneno yenye maana ya watoto waliodumaa akili, na maneno hayo yalikuwa yameanza kuonekana ya kudunisha; ikaamuliwa badala yake waitwe watoto wa kipekee. Mwanasheria John Horty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyekuwa akiongoza kituo cha sheria za afya, alitwikwa mzigo wa kuyatafuta maneno ya zamani popote yalipokuwa katika sheria. Waliajiriwa wanafunzi wazisome sheria na kusahihisha. Kazi yao ilipokaguliwa yalikutwa makosa mengi. Ikarudiwa na kundi jingine, na bado makosa yakawamo, kwa maana jicho la binadamu huchoka, na likichoka huliruka neno huku likiamini limeliona.

Ndipo Horty akaamua sheria zote zipigwe kwenye kadi za matundu, neno kwa neno, na kompyuta ipewe kazi ya kuyatafuta maneno hayo. Baada ya kuipata matini nzima ndani ya mashine, aling'amua kwamba anaweza kuiuliza neno lolote, wala si yale ya watoto peke yake. Kompyuta ilitengeneza orodha ya maneno yote na mahali yalipo, ikiyaacha yale ya kawaida mno yasiyosaidia kutofautisha andiko na andiko. Mwaka 1960 aliionyesha mbele ya mkutano wa chama cha wanasheria wa Marekani. Kwa hiyo utafutaji wa matini nzima kwa kompyuta, kwa kadiri unavyohusu nyaraka za serikali, ulizaliwa na haja ya kufuta istilahi moja na kuweka nyingine. Sijui kama wenzetu wa vitengo vya kompyuta maofisini wanajua kwamba wana deni kwetu.

Mbegu hiyo iliota haraka. Mwaka 1967 chama cha wanasheria wa jimbo la Ohio kiliingia mkataba wa kutengenezewa chombo cha kutafuta hukumu na sheria, na kutokana na kazi hiyo mwaka 1973 ikazaliwa huduma ya LEXIS. Wakili aliweza kukaa mbele ya kioo na kuandika maneno yake mwenyewe bila kupitia kwa mkutubi. Mwaka huo huo kampuni ya IBM ilitoa programu yake ya STAIRS, ambayo ilienea katika ofisi kubwa nyingi.

Katika vyombo hivyo palikuwa na ufundi mmoja mdogo ambao ulionekana hauna madhara. Katika LEXIS mtu aliweza kuandika mwanzo wa neno na kutia alama ya mshangao, na mashine ikamletea maneno yote yenye mwanzo huo, vyovyote vile yatakavyoishia. Ufundi huu ni rahisi kwa sababu faharasa hupangwa kwa alfabeti, na maneno yenye mwanzo mmoja hukaa jirani. Kiingereza, ambacho hubadilisha zaidi mikia ya maneno, kilistarehe. Hakuna aliyeuliza mambo yatakuwaje kwa lugha zinazobadilisha vichwa.

Wakati huo huo palikuwa na mabishano kama kuna haja ya wataalamu wa kupanga nyaraka kwa vichwa vya mada, au kama maneno ya waraka wenyewe yanatosha. Majaribio ya Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, yalionyesha katika miaka ya 1960 kwamba maneno ya kawaida, moja moja, yalifanya kazi vizuri kuliko mipango mingi iliyobuniwa kwa jasho. Wakutubi hawakufurahi. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones alionyesha kwamba inafaa neno linalopatikana katika nyaraka chache lipewe uzito kuliko lile lililotapakaa kila mahali. Wazo hilo bado limo katika hesabu za mashine nyingi zinazopanga matokeo yapi yatangulie.

Pigo kwa wale waliokuwa wakishangilia lilikuja mwaka 1985. David Blair na M. E. Maron walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya STAIRS ilivyotumika katika kesi moja kubwa. Nyaraka zilikuwa kama 40,000, zenye kurasa zipatazo 350,000. Mawakili waliokuwa wakiitumia walitaka wapate angalau asilimia 75 ya nyaraka zinazohusika na kila swali, na walikuwa wakiamini kwamba wanazipata. Watafiti walipopima waliona kwamba kwa wastani walikuwa wakipata asilimia 20 tu. Na walichopata kilikuwa kizuri. Nyaraka nyingi zilizoletwa zilihusika kweli. Hapo ndipo penye mtego. Anayeletewa vitu vizuri haoni vilivyoachwa nyuma.

Sababu waliyoieleza ni somo la istilahi tupu. Kesi ilihusu ajali, na mawakili walitafuta neno ajali. Lakini waandishi wa barua za upande mmoja hawakuiita ajali. Waliiita tukio, hali, tatizo, au ugumu. Kila mtu huita jambo kulingana na anavyotaka lionekane, na anayetaka lisionekane hulitafutia neno laini. Nadhani kila mtumishi wa serikali aliyewahi kusoma faili la uchunguzi anaufahamu mtindo huo bila kuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba maneno matano yanasimama badala ya kitu kimoja, na mawakili, kwa werevu wao wote, hawakuweza kuyakisia yote.

Sasa tuje kwenye kanzidata za nyaraka zenyewe. Lotus Notes, iliyotolewa mwaka 1989, ilizoesha ofisi nyingi wazo la kuhifadhi andiko zima na sehemu zake pamoja. Damien Katz, aliyekuwa amefanya kazi katika programu hiyo, mwaka 2005 alianza kuijenga CouchDB, na mwaka 2009 ikaja MongoDB. Kanzidata hizi zilikuwa hodari wa kupokea nyaraka za maumbo tofauti na kuzirudisha upesi kwa namba yake, tarehe, au jina la mwandishi. Lakini neno lililo katikati ya barua ndefu lilikuwa jambo jingine. Bila faharasa iliyopinduliwa, mashine hulazimika kufungua kila waraka na kuusoma wote, kama wale wanafunzi wa Pennsylvania, ingawa yenyewe haichoki.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuazima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Doug Cutting alikuwa amejenga Lucene, maktaba ya programu ambayo kazi yake ni faharasa iliyopinduliwa na hakuna zaidi. Mwaka 2001 iliingia chini ya taasisi ya Apache. Watumiaji wa CouchDB waliiunganisha na kanzidata yao, ikawa nyaraka zinakaa upande mmoja na faharasa upande mwingine. Mpango huo una usumbufu wake: waraka ukibadilishwa, faharasa haina budi kuarifiwa, na ikichelewa, mtafutaji huletewa barua ambayo neno lake limekwisha kufutwa. MongoDB ilichagua kuileta faharasa ndani ya nyumba yake yenyewe, katika toleo la mwaka 2013.

Kila kimojawapo cha vyombo hivi, kabla ya kuliweka neno katika faharasa, hulipitisha katika hatua tatu. Hulitenga na majirani zake kwa kufuata nafasi zilizoachwa wazi. Huliangalia kama limo katika orodha ya maneno ya kupuuzwa. Kisha hulikata viambishi ili maumbo yake mbali mbali yakutane mahali pamoja. Kukata huku kulianza zamani. Julie Beth Lovins alichapisha utaratibu wake mwaka 1968, na ule wa Martin Porter wa mwaka 1980 ulienea kuliko wote. Taratibu zote mbili zilitengenezwa kwa Kiingereza na hukata mikia. Katika orodha ya lugha zilizoandaliwa katika MongoDB mwaka 2013 zilikuwamo Kidenmaki, Kihangari na Kituruki. Kiswahili hakikuwamo. Aliyekuwa na nyaraka za Kiswahili alikuwa na njia mbili: kuiambia mashine kwamba lugha yake si lugha yoyote, ambapo haikati wala haipuuzi kitu, au kuiacha ikidhani kwamba barua zote ni za Kiingereza.

Njia hii ya pili ni ya hatari, na ndiyo inayotumika sana kwa sababu haihitaji mtu kufanya chochote. Tuchukue mfano mmoja. Orodha ya maneno ya Kiingereza ya kupuuzwa iliyomo katika PostgreSQL, ambayo nayo siku hizi huhifadhi nyaraka, ina neno lenye maana ya 'ile ile' ambalo tahajia yake ni s, a, m, e. Ofisi iliyoacha mashine yake katika Kiingereza ikitafuta barua zote zilizoandikwa kuhusu Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, wilaya hiyo itakuwa haipo duniani. Kinyume chake, ya, wa, na, na kwa, ambayo yamejaa katika kila sentensi yetu, huingizwa katika faharasa yote kwa heshima zote, kwani Kiingereza hakiyafahamu.

Lakini kiini cha tatizo ni viambishi awali. Kitenzi soma kikitumika katika barua za kawaida tu, faharasa itaweka anasoma kwenye A, hawakusoma kwenye H, kimesomwa kwenye K, msomaji kwenye M, tusome kwenye T, usomaji kwenye U na walisoma kwenye W. Ukoo umetawanyika alfabeti nzima, na ile alama ya mshangao ya LEXIS haifai kitu. Watunga kamusi wetu walikutana na tatizo hili kabla ya kompyuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mashina yake, hivyo ikamlazimu msomaji ajue sarufi kwanza, kama ile faharasa ya Abd al-Baqi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyaorodhesha majina kama yalivyo, ili msomaji alikute msomaji kwenye M. Kila njia ina haki yake. Ila kamusi huandikwa kwa ajili ya mtu, ambaye akikosa hapa hufikiri kidogo na kujaribu pale.

Mtu anaweza kusema: basi na tuikate mianzo kama Waingereza wanavyoikata mikia. Nilijaribu kwa karatasi na kalamu. Ukikata ki- na vi-, vitabu na kitabu vinakutana vizuri. Lakini kijana anakuwa jana, na barua za maendeleo ya vijana zinachanganyika na kila barua inayosema mkutano ulifanyika jana. Ukikata wali- kwa kuwa ni wao wa wakati uliopita, walimu wanabaki mu. Tena wingi wenyewe haufuati njia moja: ulimi ni ndimi, jicho ni macho, wimbo ni nyimbo. Na hapa ndipo linaporudi neno waraka. Kwa Waarabu herufi ya kwanza ya neno hilo ni sehemu ya mzizi wake. Sisi tuliisikia kama kiambishi, tukatengeneza wingi wa nyaraka, kama tulivyoigeuza ki ya kitabu tukapata vitabu. Kwa hiyo anayeiuliza kanzidata ya nyaraka neno waraka hapati nyaraka hata moja iliyoandikwa kwa wingi. Mashine yenye kufuata umbo peke yake haiwezi kuyajua haya. Hayana budi kuandikwa mahali fulani, neno kwa neno.

Yaliandikwa, kwa kiasi kikubwa, lakini mbali na kwetu. Kimmo Koskenniemi wa Finland aliweka wazi mwaka 1983 njia ya kuifundisha kompyuta mofolojia ya lugha yoyote kwa kuoanisha umbo la ndani na umbo la nje la neno. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, aliitumia njia hiyo kwa Kiswahili na kuieleza katika makala ya mwaka 1992. Kichanganuzi chake hupokea alivyokisoma na kukitenganisha katika nafsi, njeo, kirejeshi, kitendwa na shina. Kundi lake lilikusanya pia matini nyingi za Kiswahili, zikiwamo za lahaja zilizorekodiwa hapa Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kati ya kichanganuzi cha watafiti na kanzidata iliyonunuliwa na ofisi kuna safari ndefu, na wauzaji hawaifanyi bila kuombwa. Sisi wanunuzi hatukuomba, kwa sababu hatukujua kwamba kuna kitu cha kuomba.

Ipo njia ya mkato ambayo baadhi ya mafundi huipenda: kulikatakata kila neno vipande vya herufi tatu tatu, na kuiacha mashine ilinganishe vipande. Kitabu huwa kit, ita, tab, abu. Vitabu hushiriki navyo vitatu vya mwisho, na hivyo hupatikana bila sarufi yoyote. Lakini kutabiri nako kuna tab ndani yake, na ulimi na ndimi hawashiriki ila kipande kimoja tu. Kwa ofisi isiyo na kingine, si haba. Kwa ofisi inayotoa uamuzi juu ya maneno, haitoshi.

Nisimalize bila kueleza tulichofanya. Hatukuwa na fedha za kununua chombo kipya wala fundi wa kukiunganisha kile cha Helsinki. Tulirudi kwenye njia ya Padri Busa. Kila waraka wenye uamuzi wa istilahi sasa una sehemu moja zaidi, ambayo haionekani unapochapwa, na humo mtumishi huandika kwa mkono umoja na wingi wa istilahi, jina la mtendaji, jina la tendo, na shina. Kisha, kwa ajili ya somo la Blair na Maron, huandika visawe vyote vilivyopendekezwa na kukataliwa, pamoja na yale maneno ambayo watu huyatumia mitaani badala ya istilahi yenyewe. Mwanzoni nilidhani visawe vilivyokataliwa ni takataka. Sasa ndivyo vinavyotuletea majibu mengi, kwa sababu anayetuuliza aghalabu huuliza kwa neno tulilolikataa. Kazi inakwenda polepole. Miongozo ya zamani bado mingi haijaguswa, na mzee wetu mstaafu ameombwa aje siku mbili kwa wiki atusaidie kukumbuka yaliyoamuliwa lini na kwa maneno gani.

Afisa aliyetuuliza habari za mdhamini tulimwandikia barua ya pili, tukaufuta uamuzi wetu na kumpelekea ule wa zamani. Kwa mujibu wake, anayeweka dhamana mahakamani na anayeshika mali kwa amana wote wawili hubaki wadhamini, na anayegharimia mpira ni mfadhili. Alijibu kwamba tafsiri yake ilikwisha kwenda kwa mpiga chapa, na kwamba atairekebisha katika toleo lijalo.